Nani analipa nini? Maswali ya gharama za harusi Mwanza

Nimekuwa mweka hazina wa kamati tano za harusi hapa Mwanza, tatu za ndugu na mbili za majirani. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonirudia kila mara: kwenye simu, kwenye vikao, hata ndani ya daladala ya Igoma. Nimeanza na ya msingi, nikaacha mwishoni yale ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini. Viwango vya fedha nilivyotaja ni vya kupigia hesabu tu, msiende navyo kwa mwenye ukumbi.

## Kabla kamati haijakaa

1. Kwa desturi, upande gani unalipa nini?

Upande wa kiume hubeba harusi yenyewe: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, gari la maharusi, picha na video, mshereheshaji na muziki. Upande wa kike hubeba kicheni pati (sherehe ya wanawake ya kumfunda bibi harusi na kumpa vyombo) na sendofu (sherehe ya kumuaga binti kwao), pamoja na vyombo na vitu vya ndani anavyoondoka navyo binti. Gauni, katika familia nyingi nilizohudumia, lilikuwa juu ya bwana harusi, lakini hapo watu hutofautiana sana, kwa hiyo ulizaneni mapema.

Maana yake ni kamati mbili na bajeti mbili, huku wachangiaji mara nyingi wakiwa wale wale. Mwalimu wa Buswelu anayefundisha na bibi harusi na kuimba kwaya moja na bwana harusi atapata kadi mbili za mchango ndani ya wiki moja. Ndiyo maana baadhi ya familia sasa huunganisha kamati. Nikiulizwa, nasema unganisheni kama watu wenu ni wale wale. Kama kila upande una watu wake, tenganisheni, maana mkishaunganisha litakuja swali la nani amechangisha zaidi, na hilo halijawahi kupata jibu zuri.

2. Mahari yanaingia kwenye bajeti ya harusi?

Hapana. Yawekeni mbali kabisa, kwenye daftari lingine na mfuko mwingine. Aliyekupa shilingi 50,000 amechangia sherehe, hakuchangia mazungumzo yako na wakwe. Nimeona kijana akiahidi mahari kwa kutegemea michango ambayo hata kadi zake zilikuwa hazijachapishwa. Huko ni kulima shamba la jirani kabla hujaliomba.

Kwa Wasukuma mahari huhesabiwa kwa ng'ombe hata pale yanapolipwa taslimu: washenga hukubaliana idadi ya ng'ombe kwanza, kisha bei ya ng'ombe mmoja. Na ng'ombe hao wana njia yao. Wanaoingia kwa ajili ya binti mara nyingi ndio watakaomwolea kaka yake, na baba wadogo na wajomba waliowahi kutoa ng'ombe wao hutazamia fungu. Kwa hiyo baba mkwe akisema "haya mahari si yangu peke yangu", msimwone mjanja, anasema kweli. Kwa Waislamu hesabu ni nyingine: mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na karamu ya ndoa ni ya upande wa bwana harusi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu mahari hayajakamilika. Ila sheria haikai kwenye mkeka wa wazee, kwa hiyo kama hamjamaliza, mshenga aende kuomba muda kabla ya tarehe kutangazwa.

3. Sisi wawili tunaofunga ndoa tutoe kiasi gani?

Hili ndilo swali la kwanza kamati itawauliza, na mkijikanyaga kikao kizima kitapoa. Mimi huanzia theluthi moja. Bajeti ikiwa milioni 12, maharusi waje na milioni 4, familia milioni 3, na michango itafutwe milioni 5. Theluthi hiyo nimeichagua kwa sababu kuna vitu visivyosubiri mchango wa mtu: advansi ya ukumbi, pete, nguo, ada na taratibu za kanisani au msikitini. Kama hamwezi kulipa hivyo kwa mfuko wenu, harusi mnayoipanga ni kubwa kuliko ninyi.

4. Bibi harusi naye achangie harusi?

Wengi wanachangia tayari, kimyakimya, ili ionekane bwana harusi ndiye aliyelipa. Mimi sioni ubaya. Ubaya ni pale ninyi wawili mnapokuwa hamjui nani katoa nini. Nimesikia ugomvi wa mwaka wa tatu wa ndoa ulioanzia kwenye advansi ya mpiga picha. Andikeni, hata kama karatasi hiyo haitaonwa na mtu mwingine.

5. Wazazi wetu hawana fedha, ila wanataka harusi kubwa. Tufanyeje?

Msiwajibu wenyewe. Mtumeni shangazi au baba mkubwa mnayeelewana naye, awaeleze kwa lugha yao. Na waulizeni wazazi watatoa nini kisicho fedha taslimu: magunia ya mchele kutoka Magu au Misungwi, mbuzi wawili, ng'ombe wa kuchinja, uwanja wa nyumbani. Mzee aliyetoa ng'ombe hasimangwi kikaoni. Mwandikeni kwenye daftari kwa thamani yake, kama mchangiaji mwingine yeyote.

6. Ni lazima kufanya kicheni pati, sendofu na harusi, vyote vitatu?

Si lazima. Ndoa inafungwa pia bomani, kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa kutoa taarifa ya kusudio angalau siku 21 kabla. Kinachowafunga watu si sheria. Ni mama wa bibi harusi, ambaye amechangia kicheni pati za wenzake kwa miaka kumi na sasa anadai zamu yake. Mkitaka kufuta kitu, anzeni na kuzungumza naye. Sendofu ya nyumbani mchana, yenye watu 80, inawezekana kabisa.

## Kamati, kadi na ahadi

7. Kamati iwe na watu wangapi?

Wanaofanya kazi ni watano: mwenyekiti mwenye sauti, katibu, mweka hazina, mtu wa chakula na mtu wa ukumbi. Wengine 25 watakaokuja kwenye vikao ni wachangiaji wenye viti, na mnawahitaji pia, kwa sababu kila mmoja anaondoka na kadi za kugawa kazini kwake.

Angalizo moja: soda za vikao nazo ni gharama. Vikao kumi vya watu 30, kila mtu na soda yake na wengine na bia yao, ni fedha ambayo hakuna aliyeipangia bajeti.

8. Ahadi zetu zimefika milioni 9. Tupange bajeti ya milioni 9?

Hapana, hapana, hapana. Kama mtasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, someni hili.

Ahadi hutolewa mbele za watu. Mwenyekiti anamtaja mtu kwa jina, watu wanapiga makofi, jirani yake ametaja 100,000, na yeye hawezi kutaja 30,000. Anayezungumza pale ni aibu, mfuko haujaulizwa. Akifika nyumbani anakumbuka ada ya shule.

Kwenye kamati yangu ya pili, harusi ya Nyegezi, ahadi zilikuwa milioni 8.4. Jumatatu ya wiki ya harusi nilikuwa na taslimu milioni 5.1, na chakula cha watu 300 kilishaagizwa. Mwenyekiti, baba mdogo wa bwana harusi, aliuza pikipiki yake Jumatano. Harusi ilipendeza sana, matarumbeta yalipigwa toka kanisani hadi Capri Point, na hadi leo mzee yule anapanda daladala. Waliomlipa baadaye ni wachache, maana ahadi ikishapita siku ya harusi imekufa.

Tangu hapo daftari langu lina safu tatu: ahadi, taslimu na tarehe. Bajeti ninazo mbili. Ya kwanza ni ya lazima na inalipwa na fedha iliyo mkononi tu: theluthi ya maharusi, fedha ya familia na michango iliyokwisha kuingia. Ya pili ni ya nyongeza: keki ya ghorofa tano, fataki, shampeni za kila meza. Hiyo hufunguliwa siku kumi kabla ya harusi, kama kuna kitu cha kuifungulia. Wanakamati wataniita mchawi, sawa.

9. Kwa nini kadi ina kiwango, singo (ya mtu mmoja) na dabo (ya watu wawili)? Asiyechangia asialikwe?

Kiwango kipo kwa sababu kila kiti kina gharama. Gawa bajeti ya lazima kwa idadi ya watu: milioni 10 kwa watu 250 ni 40,000 kwa kila mmoja. Kadi ya singo ikiwa 50,000 na dabo 80,000, mtaelewa kwamba kila dabo inaingia bila kuacha kitu, na harusi inabebwa na singo na wale wanaotoa zaidi.

Asiyechangia? Mimi huacha viti 20 visivyo na bei: bibi na babu, mlezi, mwalimu wa zamani, jirani mjane aliyemlea bwana harusi wakati mama yake yuko sokoni. Kumfungia mlango mtu kama huyo kwa sababu ya 50,000 ni aibu ambayo video haiwezi kuificha.

10. Fedha zikae wapi?

Kwenye laini ya simu au akaunti ya mweka hazina, na jina lake lichapishwe kwenye kadi kama linavyotokea mtu anapotuma. Sote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wanajua pia kwamba mna kikundi cha WhatsApp. Namba ikibadilika, mwenyekiti apige simu, asiandike.

Kila Jumapili jioni nabandika orodha ya walioingiza. Inasaidia mambo mawili: hakuna anayenishuku, na ambaye jina lake halipo anakumbuka bila kukumbushwa. Na tengeni makato ya kutoa fedha. Yakijumlishwa kwa miezi mitatu yanalipa keki ndogo.

11. Tuanze kuchangisha lini?

Inategemea watu wenu wanakula wapi. Waajiriwa wakumbusheni tarehe za ishirini na kitu, mshahara ukiwa bado una joto. Wakulima wa Kwimba na Magu wana fedha baada ya mavuno ya mpunga na pale pamba inaponunuliwa, kuanzia kama Mei na kuendelea. Mkimfuata mkulima Januari mnamtesa.

Wavuvi wana kalenda yao ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa ufukweni na mifuko inakauka. Mjomba wa Igombe anaposema "subirini giza" hafanyi mafumbo. Mimi siku hizi napanga vikao vya upande wa wavuvi mwishoni mwa giza.

Miezi mitatu hadi minne inatosha. Mkizidisha, watu wanachoka na kuanza kuwakwepa kwenye vituo vya bodaboda.

12. Niliahidi 100,000, nimekwama. Nifanyeje?

Mpigie mweka hazina mapema, mwambie "nina 40,000". Atakushukuru kuliko unavyodhani, kwa sababu 40,000 anayoijua inampangia sahani, na 100,000 asiyoiona inamnyima usingizi. Usizime simu.

13. Niliwachangia wao, wao hawakunichangia. Nidai?

Hapana, ila unaruhusiwa kukumbuka. Mchango si mkopo, wala si sadaka. Upo katikati, na ndiyo maana kila nyumba ina daftari lake. Kabla ya kununa, angalia hali: mtu aliyekuwa na kazi ulipomchangia mwaka juzi huenda sasa hana. Asiyekuwa na kisingizio, wewe mwenyewe utajua la kufanya na kadi yake ijayo.

## Matumizi

14. Ni kipi kinachokula fedha zaidi?

Watu. Ukumbi unaonekana ghali kwa sababu unalipwa kwa mkupuo, lakini chakula na vinywaji vinazidishwa kwa kila kichwa. Sahani ya 15,000 kwa watu 250 ni 3,750,000. Ukipunguza watu 50 umeokoa 750,000 kwenye sahani peke yake, hujagusa vinywaji. Hakuna mazungumzo na mpambaji yatakayokupa punguzo la namna hiyo.

15. Samaki au nyama?

Mwanza bila sato ukumbini watu watanung'unika. Mtumeni mtu anayejua samaki aende Mwaloni, Kirumba, alfajiri, na mpishi awe ameshakubali kupika mzigo mlioleta wenyewe. Wengine wanakataa, au wanatoza ada ya jiko, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Ndafu mmoja, yaani mbuzi mzima wa kuchomwa, anatosha kwa picha.

16. Sare ninalipia mwenyewe?

Ndiyo, na hapa nina malalamiko. Mwanakamati wa kike anatoa mchango, ananunua kitenge cha sare ya sendofu, analipa fundi, kisha anaambiwa harusi ina rangi nyingine. Ikifika siku yenyewe ametumia mara mbili ya mwenzake wa kiume. Kamati yangu ya mwisho ilikubaliana sare moja kwa shughuli zote, na kitambaa kikanunuliwa kwa jora. Hakuna aliyekufa.

17. Wageni wanatoka Ukerewe na Sengerema. Usafiri ni wa nani?

Kila upande husafirisha watu wake, ila anayechagua mahali pa harusi hulaza wanaokwama. Sengerema imekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Zamani Costa ilipanga foleni ya kivuko, na bibi harusi mmoja wa huko nilimwona akila mahindi ya kuchoma ndani ya gauni. Sasa basi dogo linakwenda na kurudi siku ile ile.

Ukerewe ni hadithi nyingine. Meli ya Nansio ina saa zake, na sherehe inayoisha saa sita usiku haina meli. Wekeni malazi kwenye bajeti ya lazima, au fanyeni sherehe mchana. Kuwaambia wazee "mtajua wenyewe" si jibu.

18. Tukope kumalizia pengo?

Kikoba chenu au SACCOS, kiasi kidogo, mkijua mtalipa kwa mshahara upi: inawezekana. Mikopo ya kausha damu, inayolipwa kila siku au kila wiki kwa kuweka rehani friji na kitanda, hapana. Vyombo vya sendofu vilivyopokelewa kwa vigelegele vimewahi kubebwa na wadai kabla ya mwezi wa pili. Pengo likibaki, rudini swali la 14 mkate majina.

## Yanayokwama

19. Ndugu mwenye uwezo anataka kulipa kila kitu. Tukubali?

Mpeni kitu kimoja kizima chenye mwisho: ukumbi, au vinywaji vyote. Alipie moja kwa moja kwa muuzaji na mpate risiti. Akilipa "kila kitu" atachagua kila kitu, pamoja na wageni, na baba wa bwana harusi atakaa kwenye harusi ya mwanawe kama mwalikwa. Kama amekwisha kutangaza, mwenyekiti ndiye azungumze naye, maharusi wasiingie.

20. Tuna watoto wawili tayari, tunabariki ndoa tu. Tuchangishe?

Mnaweza, bila kuona haya. Ila kiwango kiwe cha chini na sherehe fupi. Watu huchangia kwa moyo mzuri harusi ya wazazi wa watoto wanaowajua, lakini hawatavumilia vikao vya miezi minne.

21. Zawadi na bahasha za ukumbini ni za nani?

Za maharusi, zote. Kamati isizitegemee kulipa deni la mpishi. Nimeona bahasha zikifunguliwa jikoni saa saba usiku huku mpishi amesimama mlangoni, na sitaki kuona tena. Anayezipokea awe mtu mmoja aliyetajwa kikaoni.

22. Harusi imevunjika, kadi zimeshalipwa. Fedha inarudi?

Iliyobaki irudishwe kwa wachangiaji, na hesabu ya iliyotumika isomwe. Advansi za ukumbi na mpiga picha zinategemea mkataba wenu, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni: tukiahirisha, au tukifuta, inakuwaje? Wenye kumbi wengi huhamisha tarehe kwa urahisi kuliko kurudisha fedha.

Kuhusu mahari na zawadi za uchumba, Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe, kama haikufungwa. Iliyotolewa kwa mapenzi tu, bila sharti, imekwenda. Wengi humaliza kwa washenga, na ni haraka zaidi.

23. Msiba umetokea wiki ya harusi.

Akiwa ni mtu wa karibu, wakubwa wa pande zote mbili hukaa, na mara nyingi ndoa hufungwa na sherehe husogezwa au hupunguzwa. Fedha ya harusi isitumike kwenye msiba bila kikao, hata kama anayeomba ni mfiwa. Ikikubalika, iandikwe kama deni la ukoo kwa kamati, na ukoo uirudishe.

24. Kikao cha kuvunja kamati kina kazi gani, na nani analipa?

Maharusi huandaa chakula kuwashukuru wanakamati, kwa mfuko wao, kwa hiyo msisahau kukitenga. Kinakaa wiki mbili au tatu baada ya harusi. Mweka hazina anasoma mapato na matumizi, madeni yanatajwa kwa majina, na kilichobaki wanakabidhiwa maharusi.

Kisha wanakabidhiwa daftari. Mimi hulitoa nakala kabla sijalikabidhi, kwa sababu maharusi hulipoteza wakihama nyumba. Halafu siku moja, miaka miwili baadaye, nitapigiwa simu: "Shangazi, huyu wa Mabatini ametuletea kadi. Sisi alituchangia ngapi?"